Amri ya Kidole Gumba

"Kidole gumba," Fundi akajibu.

Katika chumba cha baraza la fidia viti vikalia, watu wakigeuka. Wakili wa kampuni akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko, kisha akamwomba afafanue. Nani hasa alimwamuru afungue ile valvu?

"Msimamizi wa zamu. Hakusema kitu, mashine zilikuwa zinanguruma, asingesikika. Alinionyesha bomba kwa kidole gumba, nikafungua. Kumbe presha ilikuwa haijashushwa." Fundi akameza mate. "Hicho kidole ndicho kitu cha mwisho nilichokiona vizuri."

Tindikali ya kutengenezea betri haina simile. Ilimrukia usoni hata kabla hajafumba macho. Miwani ya kinga alikuwa ameiomba tangu ile ya zamani ipasuke, akaambiwa asubiri mzigo mpya. Asubuhi ile, katika ukumbi mzima, aliyejifunika sawasawa kuanzia kofia ngumu hadi barakoa alikuwa msimamizi peke yake, tena mgeni, kahamishwa kutoka tawi jingine siku hiyohiyo. Fundi hakuwahi kuuona uso wake wala kuisikia sauti yake.

Kampuni nayo ikaja na lake: Fundi alifungua valvu kwa ubishi wake, hakuna aliyemtuma, basi hana fidia. Matibabu yakakomea hapo.

Mwanzoni wenzake wa kazini walikuwa wakija kumjulia hali. Walikaa ukingoni mwa kitanda, wakacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida, wakamwambia atapona. Alipowaomba waje kusema walichokiona, wakaanza kuadimika. Hakuwalaumu. Kila mmoja alikuwa na watoto, na hakuna aliyetaka unga wake umwagike. Mchumba alikuja mara moja, akalia, akaenda. Dada yake mkubwa alikaa naye mpaka shemeji alipoanza kununa, naye akafungasha.

Ikabaki redio. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, Fundi alijibu nzuri. Mwanzoni alijicheka. Baadaye akaacha kujicheka, akawa anajibu tu.

Ndipo chumba cha pili kikapata mpangaji. Alibisha hodi siku aliyohamia, mwanamke mwenye sauti ya chini, ya kusitasita kidogo, akauliza kama kuna mtu wa kumchotea maji.

"Hakuna," Fundi akasema.

"Basi sasa yupo."

Akamwita dada, naye akaitwa kaka. Dada alimfundisha kutia ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue chai imefika wapi. Alimfungia kitambaa kwenye komeo la mlango wake asije akaingia kwa watu. Alimtia dawa ya macho kwa utaratibu, pumzi ameibana, kama anayevusha yai. Fundi akaanza kunyoa ndevu hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda.

Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba dada hakuuliza macho yamefanya nini. Watu wote waliuliza, yeye hata siku moja. Jioni fulani Fundi akamsimulia mwenyewe, bila kuombwa, tangu ile miwani mpaka kidole gumba. Dada akasema nguo zake zitanyeshewa, akatoka. Mvua haikunyesha.

Kesho yake alirudi sauti imemkauka, akaanza habari za baraza. Fundi akasema hana nguvu za kupigana na kampuni. Afadhali aishi kwa msaada wa watu, siku ziende.

"Usiseme msaada," dada akamkatiza. "Umeumia ukiwa kazini, kaka. Fidia siyo sadaka, ni haki yako. Nenda ukaidai."

"Nitaendaje, na hali yenyewe hii?"

"Nitakushika mkono."

Na kweli alimshika. Alimvusha barabara, akampandisha ngazi, akamkalisha kwenye benchi la baraza, na sasa alikuwa kando yake, kiganja chake kwenye kiwiko cha Fundi.

Wakili alikuwa anamalizia. Alisema anamwonea huruma mlalamikaji, nani asingemwonea huruma, lakini hakuna shahidi hata mmoja. Msimamizi mwenyewe aliacha kazi mara baada ya ajali na kampuni haijui alipo. Baraza limeletewa kidole, akasema, na kidole hakiwezi kuapishwa. Nyuma huko mtu akacheka.

Fundi akahisi anazama. Alitamani chumba chake, redio yake, na hodi ya dada jioni, ambayo ilikuwa ndiyo siku yake nzima. Akamwinamia dada, akamnong'oneza kwamba imetosha, waende nyumbani. Dada hakuinuka. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

Mwenyekiti wa baraza, mama wa sauti nzito isiyo na haraka, akaomba utulivu. Alisema asubuhi hiyo baraza lilipata taarifa ambayo wakili pengine hakuwa nayo. Msimamizi yule amejitokeza mwenyewe, yuko tayari kuapa na kueleza aliyoyafanya, hata kama yatamgharimu.

"Msimamizi wa zamu yupo?"

Fundi akageuzia sikio mlangoni. Alikuwa amekwisha kumchukia mtu huyo kiasi cha kumzoea, na sasa alitega kusikia mlango ukifunguka na buti nzito zikiingia.

Mlango haukufunguka. Kiganja kilichokuwa kwenye kiwiko chake kikalegea, kikaondoka.

"Nipo," akasema dada.