Kitufe cha Kunyamazisha

Siku hizi meli hazina manahodha. Huendeshwa na watu majumbani mwao, wanaocheza mchezo wa meli kwenye simu. Baadhi ya meli za mchezoni ni za kweli, ziko baharini, ila mchezaji haambiwi ni zipi. Ndani ya meli hubaki fundi wa injini peke yake.

Athmani, mumewe Mwanakheri, alikuwa fundi wa namna hiyo. Ndiyo maana Mwanakheri, aliyeajiriwa kuutengeneza mchezo huo, alihangaika mpaka akautilia ving'ora halisi vya chumba cha usukani. Aliamini kelele zitawatia watu adabu. Wachezaji wakalalamika kuwa masikio yanawauma, wakubwa wakaamuru pawe na kitufe cha kuvinyamazisha. Akakitia.

Adhuhuri moja alirudi nyumbani akakuta king'ora cha moto kinalia sebuleni. Mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, alikuwa akichambua mchicha, simu ameiegemeza kwenye bakuli.

"Mama, meli inaungua! Fungulia maji!"

"Ya kweli watampa kikongwe kama mimi?" Bi Mwanaidi akabonyeza kitufe kwa kidole chenye udongo. Kukawa kimya. "Aliyeleta kitufe hiki Mungu amjalie. Nimalize mboga kwanza."

Mwanakheri alipoinyakua simu, meli ilikuwa imeshatoweka kwenye kioo. Akampigia Athmani. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena.

"Muache mwanangu, yuko kazini," alisema Bi Mwanaidi. Akaichukua simu yake, akang'oa nanga ya meli nyingine.