Kigong'ota wa Rangi Tatu

"Ndege gani huyu asiyegeuza shingo?"

Bosi wa karakana ya samani alizikodolea macho picha kwenye simu ya karani wake. Ya asubuhi, ya mchana, ya jioni: kigong'ota yule yule, mti ule ule wa uani, kainamisha kichwa vile vile. Kichwa chekundu, mgongo wa kijani, tumbo la njano.

Rangi hizo bosi alizijua. Zilikuwa kwenye makopo yake mwenyewe, za kupaka viti vya watoto.

"Ana makazi pale, bosi," karani alisema. "Nimewatumia watu wa mazingira. Wanasema mti usiguswe kwanza."

Hapo ndipo penye utata. Bosi alitaka kuukata mti huo, malori yapate pa kugeuzia. Fundi rangi, mjomba wa karani, alikuwa ameulilia kama mtoto: bila kivuli chake, eti, jua litababua kila kiti. Na ndege naye akazuka wiki hiyo hiyo! Bosi hakula chumvi nyingi bure.

"Leteni ngazi!"

Fundi akachomoka chumba cha rangi, anafuta mikono. "Leo, bosi? Mvua ya jana imelowesha shina, utateleza. Ngoja hata kesho."

"Kwani kesho ndege ana safari?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mjomba na mpwa wake hawakucheka.

"Sikilizeni nyote," bosi akanguruma. "Yule ni kipande cha ubao. Nikimng'oa, hawa wawili wafungashe virago. Akiruka, mti huu siugusi mpaka naingia kaburini."

Akapanda, koleo mfukoni. Naam, ndege huyo, palepale pa kwenye picha. Hata unyoya haukutikisika. Bosi akatabasamu, akaupeleka mkono taratibu mkiani.

Ndege akageuka, akamdonoa kidole, akaruka juu ya paa akimzomea.

Chini, karani alijiziba mdomo. Fundi alitoa macho kuliko bosi mwenyewe; kitambaa kikamdondoka mkononi.

Bosi akashuka. Ahadi ni deni, na mashahidi walikuwa wamejaa ua. "Mti ubaki," alisema, akawapa mgongo.

Kidole kilikuwa kinachuruzika damu. Aliingia chumba cha rangi kutafuta tambara, akiwaza namna ya kumwomba radhi fundi, mzee wa watu. Akaegemea meza. Kiganja kikalowa. Alidhani ni damu yake, mpaka alipoona na kijani.

Mezani, juu ya gazeti, kigong'ota wa mbao alikuwa amelala chali, msumari mkiani bado una gamba la mti, rangi mpya mbichi juu ya ile iliyochujuka kwa mvua.

Na kule nje, mtini: ko-ko-ko-ko.