Mimi Nani?

"Kingamwili ni walinzi wako, mama," daktari alimwambia Mwanaheri, akivitazama vidole vyake vilivyovimba. "Lakini ndani ya uvimbe huu kuna vimeng'enya, kemikali za mwili, vinavyobadilisha sura ya nyama yako mwenyewe. Walinzi wakiiona, wanadhani ni mgeni. Wanaishambulia."

"Wataacha lini?"

"Dawa itawatuliza. Kuwasahaulisha hatuwezi."

Alipofika nyumbani, vidole vilishindwa kuzungusha ufunguo. Ikambidi apige hodi mlangoni kwake mwenyewe.

"Nani?" mumewe aliuliza kutoka ndani.

"Mimi."

Sauti iliyotoka, imekwaruzwa na maumivu, hata yeye hakuijua.

"Mimi nani?"

Mwanaheri akafungua mdomo, maumivu yakimpanda vidoleni. Nyuma ya mlango akasikia komeo likisukumwa kufunga, polepole, hadi mwisho.