Kadi ya Kliniki

Majibu ya vipimo yalionyesha kwamba damu ya Shomari haina kinga ya kutosha dhidi ya homa ya ini, na wanafunzi wenzake wa uuguzi wakamgeukia. Mdomo wake haukuzoea kupumzika, akawachekesha: "Siku ya chanjo, nikiwa mchanga, mama yangu alipitia sokoni, akanogewa na umbea, kliniki akaisahau." Wakacheka hadi machozi. Jioni alimwambia mama yake maneno yale yale, ila bila kicheko.

Asubuhi mama alitokea kwenye chumba cha chanjo, ambako Shomari alikuwa akisubiri sindano, akiwa na mfuko wa mkate, akatoa humo kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mihuri mitatu ya chanjo hiyo: wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne.

"Mwanangu, mimi nilikosea wapi?" alimuuliza muuguzi aliyekuwa akiandaa sindano, kwa sauti ya chini.

"Hukukosea, mama. Kinga inayoonekana kwenye damu hupungua miaka ikienda, lakini mara nyingi mwili hubaki unakumbuka. Tutamchoma sindano moja ya kuukumbusha, halafu tutampima tena."

Wenzake walikuwa mlangoni, wamesikia kila kitu. Shomari alitafuta mzaha wa kujifichia, akaukosa.

Sindano ilipotoka, mama yake aliinama akampuliza begani, taratibu, kama anayepuliza paja la mtoto mchanga aliyetoka kuchomwa. Shomari, na ndevu zake na koti lake jeupe, aliinamisha macho. Mkono hakuuondoa.