Imesambazwa Mara Nyingi

“Nani kawaambia nimekufa?” mgeni alifoka, akatua begi lake katikati ya wafiwa.

Uani kote watu wakaangua kicheko. Hata Stela, aliyekuwa hajatia kitu tumboni tangu juzi, alijikuta anacheka mpaka kanga inamdondoka. Mtani kafika! Wazaramo hawa bwana, msiba wa Mnyamwezi kwao ni sherehe, na wasipomwigiza marehemu roho haiwatulii.

Walikuwa wakimsubiri. Binamu yake Stela, Eustace, msimamizi wa kundi la simu la ukoo, ndiye aliyempigia Sadiki, Mzaramo mstaafu wa reli anayeishi Tura. Pale Kigwa hakuna aliyewahi kumwona, lakini alijibu kama mtani: “Nakuja na treni ya kesho. Niwekeeni nyama.”

Eustace huyohuyo ndiye aliyeleta habari ya kifo. Bundala, kaka yake Stela, kafa Dar es Salaam kwa kuongea na simu ikiwa kwenye chaji, na wamekwisha kumzika. Tuma kwa watu kumi. Juu ya ujumbe simu yenyewe ilikuwa imeandika: Imesambazwa mara nyingi. Sasa hapo unataka ushahidi gani tena? Ni kweli namba ngeni ilipiga mara nne, lakini Eustace aliikata. Kundini walikwishaonywa kwamba wezi wa siku hizi wanapiga kwa sauti za marehemu.

Kilichomkata Stela maini ni kingine. Miaka ishirini na sita iliyopita, Bundala alipooa Mzaramo, Stela alimtukana mbele ya bibi harusi, akamwambia asikanyage tena Kigwa. Kijana akaondoka, mwembamba, nywele tele kichwani, na hakurudi. Kila mwaka Stela aliapa atamtafuta amwombe radhi, na kila mwaka akaahirisha. Sasa atamwomba nani?

“Stela, ni mimi,” mgeni alisema. Alikuwa mnene, kipara kinang’aa. “Nimesikia mnanililia, nimekuja mbio.”

“Marehemu hakuwa na kipara, mtani!” shangazi mmoja akapiga kelele. “Ungetafuta hata wigi!”

“Jamani, mimi si mtani!”

“Ndivyo wanavyosema wote,” akajibu Eustace, akipangusa machozi ya kicheko.

Mgeni akatoa kitambulisho. Eustace akakisoma, akakigeuza, akatikisa kichwa kwa heshima. Kundini lilikwishapita onyo kuhusu vitambulisho vya bandia vinavyochapwa mjini kwa dakika tano.

“Kazi safi,” alisema. “Hata jina halikukosewa.”

Mgeni akamsogelea Stela, akamwita Kadogo, jina alilokuwa akiitwa na Bundala walipokuwa wakichunga mbuzi. Stela moyo ukampasuka. Huyu Eustace hajui kunyamaza, hata hilo kamsimulia! Na mgeni sasa alikuwa analia kabisa, machozi ya kweli. Mtani gani anajituma hivi?

“Kadogo, bado una hasira na mimi?”

Watu wakamgeukia Stela, maana mtani lazima ajibiwe. Stela alitamani kuyasema yote aliyoyalimbikiza miaka hiyo, lakini kumwambia mwigizaji aliona ni kumkosea marehemu. Akayameza. Akashika mwiko.

“Tena sana! Maiti gani huyu hana adabu? Rudi kaburini kwako, na nisikuone tena!”

Wanawake wakapiga vigelegele, wakammwagia unga, wakamtoa mbio mpaka njiani. Alisimama pale kitambo, mweupe kuanzia kipara hadi viatu, akimtazama Stela. Halafu akasimamisha bodaboda, akapanda, akaondoka bila hata kudai nyama. Stela akasema moyoni kwamba mtani muungwana hivi hajapata kumwona.

Chai ilikuwa inamiminwa wakati mzee mmoja mwembamba alipoingia akihema, kajitanda kanga, koti kaligeuza nje ndani.

“Poleni, watani wangu. Mimi Sadiki wa Tura, treni iliniacha,” alisema. “Haya, nionyesheni marehemu alivyokuwa akitembea, nianze kazi.”