Ndoo ya Ijumaa

Mpimaji wa ardhi alikunja kamba yake, akawatangazia watu kwamba kisiwa kimekua: volkano imemwaga hatua mia tatu za nchi mpya ndani ya bahari. Watu wakapiga makofi. Bi Echati hakupiga. Alikuwa ameshika ndoo ya maji.

"Makaburi yetu yalikuwa hapa kabla volkano haijayafunika," alimwambia mpimaji. "Kila Ijumaa namwagilia kaburi la mume wangu. Nionyeshe lilipokuwa."

Mpimaji aliacha kutabasamu. Akahesabu hatua kutoka kwenye ukuta wa msikiti uliosalia, wakapanda juu ya jiwe jeusi mpaka soli za viatu zikaanza kunuka, akachora duara kwa chaki.

"Ni hapa, mama. Lakini yuko chini sana, na jiwe bado lina moto."

"Litapoa lini?"

"Hili litapoa, lakini litakuja jingine juu yake. Moto unapanda kutoka kilindini mwa dunia, nao hauhami. Kisiwa ndicho kinachosogea, polepole kama ukucha unavyokua. Kikishaupita moto, hakitakua tena. Kitaanza kudidimia baharini."

"Na kuupita ni lini?"

"Labda miaka laki tano, mama."

Bi Echati aliinamisha ndoo. Maji yalichemka palepale, mvuke ukamfunika uso. Ulipotawanyika, jiwe lilikuwa kavu na duara limefutika.

"Nichoree tena," alisema, akashika njia ya kisimani na ndoo yake tupu.