Ishara ya Kutwaa

Mikono ya Waithera ilikuwa imechoka. Tangu asubuhi alikuwa akiwatafsiria viziwi mahubiri kwa ishara, katika kanisa la mabati pale Kware, na sasa ibada ilikuwa ya mazishi.

"Mungu amemtwaa mtoto huyu," pasta akasema.

Waithera akanyoosha mkono, akakunja ngumi, akaivuta kifuani. Hakuwa na ishara nyingine ya kutwaa.

Mama wa mtoto, naye kiziwi, akauliza kwa mikono, "Amemnyang'anya? Nimemkosea nini?"

Pasta alikuwa ameshaendelea. Waithera akayaacha maneno yake yapite. Akaifungua ngumi taratibu, akakunja mikono yote miwili kama anayempakata mtoto aliyelala.

Mama akaitazama mikono hiyo, kisha akainua yake.

"Atamrudisha lini?"

Waithera akaishusha mikono.